Nimetoka Iringa hadi Kyela nikitafuta chakula cha wenyeji, kila mji naletewa chipsi mayai. Kwani wenyeji wanakula wapi?

#1 Mzururaji wa Kusini
Wakuu, habari za jioni.

Naandika makala za safari, na ninachopenda ni miji midogo ile ambayo mabasi ya masafa hupita bila hata kupunguza mwendo. Safari hii nimeanzia Iringa mjini, nikazunguka Kalenga na Isimila, nikaja Mafinga, Makambako, nikachepuka Njombe, nikarudi barabara kuu mpaka Uyole, halafu nikashuka Tukuyu hadi Kyela.

Kwa mandhari sina ugomvi na mtu. Ukitoka Uyole kupanda Isongole, ukungu umelalia mashamba ya viazi mpaka jua likolee. Ukianza kuteremkia Kiwira ni migomba, miparachichi na chai, kijani juu ya kijani. Ukifika Kyela joto linakupokea stendi, unavua koti uliloling'ang'ania tangu Makambako.

Ugomvi wangu uko tumboni. Mafinga: chipsi mayai. Makambako: wali maharage, chipsi mayai. Njombe: chipsi kuku, tena kuku wa kisasa. Tukuyu ndiyo iliniuma zaidi. Nimekaa mgahawani, dirisha linatazama migomba, mkungu uko karibu kiasi cha kuushika. Ubaoni wameandika wali nyama, wali maharage, ugali dagaa, chipsi kavu, chipsi mayai. Nikamuuliza dada anayehudumia kama kuna ndizi za kupika. Akageuka akaita jikoni, "Eti mgeni anataka mbalaga!" Jikoni nako kicheko. Nikaletewa wali. Chai ikaja ya pakiti iliyofungwa mkoa mwingine kabisa, na mashamba ya chai nayaona nikiwa mlangoni.

Shuleni tulikaririshwa mikoa minne inayolisha nchi: Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma. Sasa hicho chakula cha wenyewe kiko wapi? Kimekufa, kimefichwa, au mimi ndiye sijui pa kubisha hodi?

#2 Kisu Butu
Nimevuta kigoda, wajuzi waje.

#3 Dereva Mstaafu
Mleta mada, jibu ni lami. Nimeendesha malori Dar–Tunduma tangu nikiwa na nywele. Mama ntilie wa barabarani hampikii Mbena wala Msafwa, anampikia dereva, utingo na abiria wa basi aliyepewa dakika kumi na tano, na humo humo kuna kuchimba dawa. Huyo mtu anatoka Zambia, Kongo, Tanga, popote. Chakula gani kitawaridhisha wote? Wali na chipsi, basi.

Makambako ndiyo kabisa. Mji umekuzwa na njia panda ya Songea na reli ya TAZARA. Watu wametoka kila kona. Ukitaka chakula cha asili ya Makambako utapewa cha kabila lipi?

#4 Binti Mufindi
#3 mzee wangu shikamoo, lakini hapo umepiga chenga. Anacholalamikia zaidi ni Tukuyu na Njombe, na huko malori ya Tunduma hayapiti.

#5 Dereva Mstaafu
Marahaba mwanangu. Tukuyu iko njia ya Kasumulu kwenda Malawi, na Njombe iko njia ya Songea. Lami ni lami.

#6 Binti Mufindi
Haya, niseme ninavyoona mimi. Mtu wa Tukuyu alipe hela mgahawani ale ndizi, wakati kwake zinaivia shambani na nyingine wanapewa ng'ombe? Mtu akienda kula nje anataka kile ambacho nyumbani hakipikwi kila siku. Kwetu Mufindi tukiwa wadogo wali ulikuwa wa Krismasi na wa mgeni. Kwa hiyo ulipoletewa wali, kaka yangu, uliheshimiwa. Wale dada hawakukucheka kwa dharau, walishangaa mgeni kuomba chakula cha kila siku.

#7 Mwana Nyalu
Kamwene wote.

Mleta uzi, Iringa umepita msimu gani? Maana husemi lolote kuhusu ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, na mtu aliyepita Iringa masika akakosa kuuona ulanzi alikuwa amelala kwenye basi. Mvua zikianza, chipukizi la mwanzi linakatwa ncha, linawekewa chombo cha mwanzi huo huo, na mgemaji anarudi asubuhi na jioni kulikata tena kidogo utomvu uendelee kutoka. Asubuhi unapata mtogwa, mtamu, hata mtoto anaonja. Ukiukalisha unakuwa mkangafu, hapo usiniulize ulivyofika nyumbani. Kiangazi hupati hata ukilia.

Vyakula vyetu vina msimu. Uyoga wa porini kule Mufindi unapangwa kando ya barabara wakati wa mvua, mvua zikiisha unabaki na chipsi zako.

#8 Mtani wa Wahehe
Usisahau kumwambia kwamba Mhehe akikukaribisha nyama, uliza kwanza ilikuwa inabweka au inalia beee 😂

#9 Mwana Nyalu
Huo utani ni mzee kuliko vita vya Lugalo vya 1891, na Mjerumani aliyekuja kwa mzaha siku ile hakurudi. Tafuta mpya, mtani.

#10 Mama Lishe Mwanjelwa
Nimesoma wote, naona wanaume wengi wanajibu mambo ya jikoni. Mimi napika Mwanjelwa, ngoja niwaambie linavyokwenda.

Ndizi za kupika kwanza ni kumenya. Utomvu unashika vidole unakuwa mweusi, unajipaka mafuta kabla, na bado utafika kanisani Jumapili na kucha zako zinajieleza. Hiyo tisa. Kumi ni kwamba ndizi inataka kuliwa ikiwa ya moto. Ikipoa inakaza, rangi inageuka, ukiipasha haiwi ile tena. Wali naupika asubuhi, naufunika kwenye hotipoti, saa tisa mchana bado nauza. Ndizi zikibaki saa nane zimekuwa za nyumbani, na hasara ni yangu.

Kande nayo ukweli wake huu: mahindi yakobolewe, yalowekwe, ukae nayo jikoni nusu siku maharage yaive pamoja nayo. Mkaa unaijua bei yake? Halafu mteja anakuja anasema kande ni chakula cha bei ndogo, anataka kulipa nusu ya sahani ya wali. Nichome mkaa mara tatu nilipwe nusu, nani ananirudishia?

Chipsi nakata viazi asubuhi naviloweka kwenye ndoo. Mteja akija ndiyo naingiza kwenye mafuta, asipokuja viazi bado ni viazi. Hakuna siri nyingine.

#11 Kisu Butu
#10 funga uzi. Mama ameua.

#12 Mzururaji wa Kusini
Mama, ahsante sana, hii ya ndizi kukaza nilikuwa sijaisikia. Ila nina swali. Nenda Moshi, mtori upo kila kona. Nenda Bukoba, ndizi na maharage unazikuta sahani nzima. Huko nako kuna utomvu na huko nako kuna mkaa. Kwa nini kwao imewezekana?

#13 Mchaga wa Soweto (Mbeya)
Hapo sasa mmetugusa. Mtori ni supu, unakaa kwenye sufuria jikoni siku nzima unachemka taratibu, haukazi. Ule ugonjwa anaousema mama unatibika kwa kuponda. Halafu sisi tuliufuata kwenye baa. Mchaga alipohamia Dar, Arusha na hapa Mbeya alifungua baa, na mlevi wa jana asubuhi anataka kitu laini cha moto. Mtori ulipata mteja kabla haujawa utalii.

Mnyakyusa naye alihama sana, ila alihama kama mfanyakazi. Machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, migodi ya shaba ya Zambia, mpaka Afrika Kusini. Mtu wa mgodini anapikiwa, hauzi chakula cha kwao.

#14 Mkulima wa Masoko
#13 unaongea kama vile Wanyakyusa hawana baa. Njoo Tukuyu Jumamosi jioni uhesabu.

#15 Mchaga wa Soweto (Mbeya)
Zipo mkuu, na zinauza nyama choma. Nimefika.

#16 Fuso la Usiku
Mimi naona mnazunguka mbuyu. Chakula kinaondoka, ndiyo sababu hakipo. Simama Kiwira jioni uone mikungu inavyopangwa kwenye Fuso, ile mikubwa iliyonyooka inapanda kwanza, inakwenda Dar. Njombe viazi vinafungwa lumbesa, gunia limevikwa kofia juu mpaka halijulikani ni gunia au mnara, usiku linaondoka. Parachichi za Hass zinakwenda kupanda meli. Mji unabaki na mabaki, na mabaki hayaandikwi ubaoni.

#17 Mkulima wa Masoko
Hapana ndugu. Mimi ndiye ninayekuuzia hizo ndizi. Zinazobaki kwangu sizimalizi, majirani hawazimalizi. Na hizo Hass sisi hatuzilii kilio, nyumbani tunakula parachichi za kienyeji, kubwa, laini, moja na kipande cha ugali unashiba. Kama Fuso lisipokuja ndipo nitakapolia. Lumbesa ndiyo nakuunga mkono, hiyo ni dhuluma mchana kweupe, mkulima anauza gunia moja na nusu kwa bei ya moja.

#18 Baridi ya Makete
#16 ana hoja kuliko mnavyodhani. Niwape mfano kutoka kwetu. Kitulo watalii wanakuja kupiga picha maua, okidi peke yake zinatajwa aina 45, watu wanapaita Bustani ya Mungu. Sasa hizo okidi zina viazi vidogo chini ya udongo. Kabla ya hifadhi kutangazwa 2008, vijana walikuwa wanachimba na vikapu, vinasafirishwa hadi Tunduma na kuvuka kwenda Zambia. Kule vinasagwa, vinachanganywa na karanga, vinapikwa vinakuwa kama soseji nene inayokatwa vipande, wanaita chikanda. Ni chakula cha sherehe na cha kuuza barabarani. Watafiti walikadiria mamilioni ya vile viazi yanavuka kila mwaka.

Nimekulia Makete na sijawahi kuona chikanda sahani moja nyumbani kwetu. Chakula kinatoka kwenye ardhi yetu, kinaliwa Lusaka, sisi tunabaki na mashimo. Mleta mada, hii iandike.

#19 Msahihishaji
Nyongeza ndogo kwa #18. Kitulo ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa 2005. Hiyo 2008 ni mwaka Usangu ilipounganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mengine yote uliyosema ni sahihi, na uchimbaji haukukoma kwa sababu tu ya kuwekwa kibao. Nje ya mipaka ya hifadhi okidi bado zina wenyewe.

#20 Baridi ya Makete
Sawa mkuu, 2005. Usangu ilihamisha watu wengi ndiyo maana mwaka wake umenikaa kichwani.

#21 Kona 57
Mimi nataka kumgeuzia kibao mleta mada. Nani alikwambia chipsi si chakula cha wenyeji?

Panda kutoka Chimala kwenda Matamba, ile barabara ya kona hamsini na saba. Ukifika juu ukapata moyo wa kuangalia chini utaona Usangu yote imetandazwa, na ukigeuka nyuma yako ni viazi, viazi, viazi. Mtu wa huko anakunywa chai na viazi vya kuchemsha asubuhi, mchana viazi na maharage, jioni ugali kwa sababu amechoka viazi. Chipsi za Njombe zimekatwa kutoka shamba la jirani. Hizo ndizo za kienyeji kuliko wali wa Kyela unaoliwa Mafinga.

Na hayo mahindi ya kande mnayoyalilia asili yake ni Amerika, viazi mviringo vilevile. Vyote ni wageni waliopata uraia. Mnaamua kwa kigezo gani kwamba kande ni asili na chipsi ni utandawazi?

#22 Binti Mufindi
Kigezo ni mafuta ya alizeti yaliyotumika wiki nzima 😅

#23 Kona 57
Singida wamekusikia.

#24 Mzururaji wa Kusini
#21 umenichanganya vizuri. Lakini kiazi cha kuchemsha na chai nacho sikukikuta mgahawani! Njombe asubuhi, baridi inang'ata masikio, nimeomba chai na viazi, nikapewa chapati na supu. Supu ilikuwa tamu, sikatai. Swali langu bado liko palepale.

#25 Dada wa Ipinda
Ugonile mwe. Kaka, umebisha hodi kwenye mlango wa mbele wakati watu wote wako uani.

Chakula cha Mnyakyusa hakikai mgahawani. Kiko sehemu tatu: gulioni, kilabuni na msibani. Gulioni siku ya soko mama anakuja na sufuria limefunikwa majani ya mgomba, ndani mbalaga na maharage, limeisha kabla ya saa saba. Hana ubao, hana jina, ukichelewa umechelewa. Kilabuni ndiko kuna kimpumu, pombe ya ulezi nzito, inakaa kwenye chungu, inaongezwa maji ya moto, wazee wamezunguka kila mmoja na mrija wake. Pembeni kuna mtu anachoma au anachemsha kitu, huwezi kukosa. Msibani sina haja ya kueleza, kila aliyewahi kuzika Rungwe anajua hakuna anayeondoka na njaa.

Na mama wa #10 kasema kweli kuhusu ndizi kukaza, ndiyo maana gulioni inauzwa ikifuka na inaisha palepale. Gulio limeshatatua tatizo la mgahawa siku nyingi.

#26 Kisu Butu
Kwa hiyo mwandishi wa safari asikilizie matanga? 😂

#27 Dada wa Ipinda
Akija na shuka na mchango nani atamfukuza? Ila asije kuandika kwamba "amegundua" mbalaga. Yule nyani kipunji wa Mlima Rungwe alitangazwa duniani 2005, dunia ikashangaa, wakati wawindaji wa huku walikuwa wanamjua kwa jina na tabia zake.

#28 Msahihishaji
Nyongeza: hao wawindaji ndio waliowapa watafiti fununu mwanzoni. Na baadaye alipewa jenasi yake peke yake, jambo ambalo kwa nyani wa Afrika lilikuwa halijatokea tangu 1923.

#29 Mwalimu wa Zamu
Naongeza sababu ambayo hakuna aliyegusa. Aibu. Nimefundisha shule za bweni mikoa hii miaka mingi. Mtoto anatoka kwao anakula ndizi, magimbi, viazi, ugali wa ulezi. Akifika bweni ni ugali mweupe na maharage, sikukuu wali. Akimaliza kidato cha nne ameshajifunza kwamba chakula cha "watu waliosoma" ni cheupe. Akifungua mgahawa, anaandika ubaoni kile alichofundishwa kuwa ni chakula cha heshima. Jikoni walikucheka kwa sababu umeomba hadharani kitu kinacholiwa faraghani.

#30 Mama Lishe Mwanjelwa
Mwalimu, kwa heshima zote, mimi sina aibu nina marejesho ya mkopo. Mteja akitaka mbalaga na akilipa kabla, kesho anaikuta. Ndivyo na yule dada wa Tukuyu angefanya ungemwachia oda usiku. Sisi tuna chakula cha oda: ndizi, kuku wa kienyeji, mbasa akipatikana. Wenyeji wanajua, wanapiga simu. Mgeni anakuja na njaa yake anataka sasa hivi.

#31 Mwalimu wa Zamu
Nakubali ya oda. Lakini kwa nini wali hauhitaji oda? Tunarudi palepale, mama yangu.

#32 Mama Lishe Mwanjelwa
Kwa sababu unalala kwenye hotipoti! Nimeshasema.

#33 Usipa Mkavu
Mmetaja mbasa mkapita kama vile ni dagaa. Samaki yule anatoka Ziwa Nyasa anapanda mito kama Kiwira na Lufilyo kwenda kutaga, na huko ndiko anakokutana na nyavu. Mwenye nyama nyeupe, mafuta yake yenyewe yanatosha kumkaanga. Mleta mada kama ulifika Kyela hukula mbasa na mchele wa Kyela, kwa kweli ulikwenda kuchungulia.

#34 Mzururaji wa Kusini
Nilikula usipa wa kukaanga na wali. Wali ule ulikuwa unanukia kutoka mlangoni, hapo sidanganyi. Mbasa niliambiwa "wameenda Mbeya".

#35 Fuso la Usiku
#34 "wameenda Mbeya" 😂😂 Si nilisema?

#36 Mbarali Ndiyo Kwetu
Mkizungumzia mchele wa Kyela naomba nisimame. Mchele unaouzwa Dar kwa jina la Kyela mwingi umetoka kwetu Usangu. Kyela bonde lake ni dogo, haliwezi kulisha kila gunia lililoandikwa jina lake. Sisi tunalima, wao wanapata sifa.

#37 Usipa Mkavu
Mchele wenu mzuri, lakini haunukii. Mkiuingiza kwenye gunia letu mnauza harufu yetu.

#38 Mbarali Ndiyo Kwetu
Harufu ni ya mbegu. Tunalima mbegu hiyo hiyo.

#39 Dada wa Ipinda
Ni udongo na maji, mbegu hiyo hiyo ukiipanda kwingine harufu inapungua. Bibi yangu angesema pia ni kuuanika taratibu na kuukoboa mpya. Mchele uliokaa mwaka ghalani hata ukiwa wa Kyela haunukii.

#40 Dereva Mstaafu
Nimebeba wa kwenu wote wawili. Usiku kwenye lori lililofunikwa turubai naweza kuwatofautisha bila taa. Ila sitasema yupi, nina wakwe pande zote.

#41 Mpanda Milima
Samahani naingilia, kuna mtu ametoka Ziwa Ngozi karibuni? Nataka kwenda wiki ijayo. Nasikia ndilo ziwa la kreta kubwa kuliko yote Afrika.

#42 Msahihishaji
Huku wenyeji husema la pili, sijui wewe umelipandisha cheo lini. Lina urefu wa kama kilomita mbili na nusu na halina mto unaoonekana ukitoka. Chukua mtu wa kukuongoza pale kijijini, vaa viatu vya kushika, mvua ikinyesha ile njia ya msituni ni sabuni. Na ukienda Daraja la Mungu na Kijungu viko upande huo huo wa Kiwira, unaunganisha siku moja.

#43 Mkulima wa Masoko
Na usiogelee. Wazee wana habari zao na lile ziwa, na kingo zake zimesimama wima. Sababu moja ikikushinda kuamini, shika ya pili.

#44 Mpanda Milima
Nashukuru. Halafu nikitoka hapo naenda kuona kimondo cha Mbozi, kipo Mbeya hiyo hiyo, sivyo?

#45 Kona 57
Kipo mkoa wa Songwe tangu 2016. Watu wa Vwawa wakikusikia watakutoza kiingilio mara mbili.

#46 Mwana Nyalu
Turudi kwenye chakula. Nimekaa nikafikiria hoja ya #25. Iringa pia ni hivyo. Nenda Kalenga, kwenye makumbusho liko fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954, wageni wanakuja, wanasikiliza historia, wanapiga picha, wanarudi mjini kula chipsi. Hapohapo kijijini, hatua chache, kuna akina mama wanapika. Hakuna aliyewahi kuwaambia wageni "mtakula hapa". Anayepanga ziara ni mtu wa mjini, na kamisheni yake iko mjini. Tatizo linaweza kuwa si ndizi wala mkaa wala aibu. Wanaoongoza wageni hawajui nani anapika.

#47 Binti Mufindi
Au wanajua na wanaogopa mgeni akiumwa tumbo lawama ziwarudie. Niliwahi kuongoza kundi moja kwenye mashamba ya chai, nikawapeleka kwa mama mmoja wakala ugali wa ulezi na majani ya maboga ya karanga. Walifurahi mno. Ofisi niliyokuwa nafanyia kazi ikaniandikia barua ya onyo, eti jiko halikukaguliwa. Ile hoteli yao iliyokaguliwa ndiyo iliyowaharisha kesho yake.

#48 Kisu Butu
Weka jina la hoteli.

#49 Binti Mufindi
Siweki. Bado nahitaji kazi mji huu.

#50 Mchaga wa Soweto (Mbeya)
Kwa hiyo mpaka sasa tuna lami, mkaa, hotipoti, aibu, Fuso, msimu na ofisi ya utalii. Mimi bado nasema angeponda zile ndizi.

#51 Mama Lishe Mwanjelwa
Lete mtaji, nitaponda.

#52 Mzururaji wa Kusini
Wakuu, mmenipa makala tatu badala ya moja. Narudi kusini mvua zikianza, kwa ajili ya ulanzi wa #7 na gulio la #25. Nataka pia kufika Matema. Dada wa Ipinda, gulio lipi nisilikose, na siku gani?

#53 Dada wa Ipinda
Lyulilo, Jumamosi. Ukifika Matema unatembea kando ya ziwa, milima ya Livingstone iko kushoto kwako imeingia majini. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe wanaleta vyungu kwa mitumbwi, wamevifinyanga kwa mikono bila gurudumu, vimepakwa rangi ya udongo mwekundu na mistari myeupe. Chakula kiko hapohapo katikati ya vyungu. Fika mapema. Na nunua chungu, usipige picha tu.

#54 Dereva Mstaafu
Chungu kwenye basi mpaka Dar hakifiki kizima. Mpe dereva wa Fuso akipakie katikati ya mikungu ya ndizi.

#55 Fuso la Usiku
Nipo. Mzigo ulipiwe kabla, na sitoi risiti ya chungu kilichopasuka Kitonga.